Pedi za Kushona: Shuka Kuukuu Lashinda Gora Jipya

Belo la mitumba linapofunguliwa mjini Busia, mikono ya kwanza hukimbilia jinzi, magauni na makoti yenye lebo za kupendeza. Mashuka yaliyopauka, taulo zilizolegea na pajama za flaneli za watoto husukumwa pembeni, na kufikia jioni huwa zimeangukia kwenye rundo la bei ya kutupa, lile ambalo wauzaji wa upande wa Kenya huliita fagia. Anayetafuta kitambaa cha kushonea pedi za kufua angefanya vyema kuanzia kwenye rundo hilo. Maduka ya vitambaa vipya hayakosekani, iwe Busia ya Kenya, Busia ya Uganda, Malaba au katikati ya Tororo, lakini mengi ya yale magora yanayong'aa rafuni ni poliesta, na poliesta haina kiu.

Pamba ndiyo inayotakiwa, na si pamba yoyote. Kitambaa kipya cha pamba hutoka kiwandani kikiwa kimepakwa wanga na dawa za kukipa umbo na mng'ao, hivyo tone la maji huteleza juu yake kabla ya kupenya. Shuka lililofuliwa miaka kadhaa limeshapoteza wanga huo, nyuzi zake zimelainika, limeshanywea kadiri linavyoweza kunywea, na rangi iliyokuwa itoke imeshatoka. Kazi ambayo mwenye kitambaa kipya hulazimika kuifanya kwa kufua mara mbili tatu kabla ya kushika mkasi, mtu mwingine ameshaifanya huko Ujerumani au Kanada.

Haja yenyewe ya kushona haihitaji maelezo marefu kwa watu wa mpakani. Kenya ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, mapema kuliko karibu nchi zote duniani, na Juni 2017 ikarekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana wa shule aliyevunja ungo apewe sodo bure. Ng'ambo ya pili, Rais Yoweri Museveni aliwaahidi wasichana wa shule pedi katika kampeni za uchaguzi wa 2016. Februari 2017 Waziri wa Elimu, Janet Museveni, ambaye ni mke wa Rais, akawaeleza wabunge kwamba fedha hazipo. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, akaanza kuchangisha pedi mwenyewe, na Aprili mwaka huo akakamatwa kwa aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais. Huku sheria, kule ahadi, na bado siku zikifika msichana wa Amagoro au wa Mukuju huangalia kwanza kilichomo ndani ya nyumba yao.

Kilichomo si kizuri kila mara. Watafiti waliozungumza na wasichana wa magharibi mwa Kenya waliambiwa habari za matambara, pamba ya dukani na hata vipande vilivyokatwa kwenye godoro. Kundi la Penelope Phillips-Howard lilihoji zaidi ya wanawake na wasichana 3,400 katika eneo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2015: asilimia 10 ya wasichana wa miaka 15 walisema wamewahi kufanya ngono ili wapate fedha za pedi. Takwimu hiyo huwakera wengi wanaoisikia, na inastahili kukera.

Pedi ya kufua ilikwisha kujibu sehemu ya tatizo hilo kabla ya sheria na ahadi hizo. Kampuni ya AFRIpads, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika kijiji cha Kitengeesa karibu na Masaka, iliajiri wanawake wa huko kushona pedi ambazo kwa maelezo yake hudumu mwaka mmoja au zaidi. Pedi hizo zikatumika katika jaribio la wilaya ya Kamuli, kule Busoga, lililohusisha shule 8 na wasichana 1,008. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2016 yalionyesha kwamba katika shule ambazo hazikupewa pedi wala mafunzo ya balehe, mahudhurio yaliporomoka kwa asilimia 17.1 zaidi kuliko katika shule zilizopewa kimojawapo au vyote viwili. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba wasichana wengi walipotea njiani kabla jaribio halijakwisha, hivyo namba hiyo isibebwe kama Kurani. Lakini uchunguzi mwingine wa watafiti hao hao, uliowahoji wasichana 205 wa shule za vijijini Uganda, una jambo ambalo mshonaji anapaswa kulitia akilini kabla hata hajachagua kitambaa. Asilimia 90.5 ya wasichana hao hawakufikia vigezo vya kujihifadhi ipasavyo. Miongoni mwa vigezo vyenyewe ni kama kitambaa kinachotumika tena kinafuliwa kwa sabuni na kukauka vizuri.

Kukauka ndiko kunakosahauliwa. Wengi wakisikia neno pedi hufikiria kunyonya tu, basi wakajaza ndani kila kinachonyonya: taulo zito mara nne, kipande cha blanketi, hata jinzi. Pedi ya namna hiyo haivuji, ni kweli. Ila ikifuliwa Jumatatu asubuhi mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimetanda kutoka ziwani hadi mlimani Masaba, Jumatano bado ina unyevunyevu katikati. Msichana mwenye pedi tatu hana siku tatu za kungojea. Ataivaa mbichi, au ataificha chini ya godoro ili isionwe na kaka zake, na huko haitakauka kabisa.

Madhara yake yamepimwa. Huko Odisha, nchini India, ambako vitambaa vya kufua vinatumika sana kama hapa, utafiti wa hospitali uliochapishwa mwaka 2018 uliwachunguza wanawake 558 na kukuta maambukizi ya fangasi za ukeni yakiwaandama zaidi waliotumia vitambaa vya kufua, na miongoni mwao, wale waliovianika ndani ya nyumba au kuvihifadhi chooni. Kitambaa peke yake hakina kosa. Kosa ni unyevu.

Kwa hiyo swali la kwanza sokoni lingekuwa hili: kitakauka kwa muda gani? Flaneli ya pamba, ile yenye manyoya mafupi inayotumika kwa pajama na mashuka ya nchi za baridi, ndiyo inayoshinda kwa jumla. Hunyonya vizuri, ni laini mwilini, na kwa kuwa ni nyembamba, ikianikwa imekunjuliwa hukauka upesi. Inafuatwa kwa karibu na tishati ya pamba iliyochakaa, ambayo haichani ngozi na haitoi nyuzi pembeni ikikatwa, kwa hiyo inafaa sana kwa tabaka la juu linalogusa mwili. Leso kuukuu, ambayo akina nyanya waliitegemea, ni pamba nyepesi na hukauka haraka kuliko zote, lakini peke yake hainyonyi vya kutosha siku ya pili, siku ambayo damu huwa nyingi. Ikunjwe mara kadhaa, au ifunike kitu kizito zaidi.

Nepi za pamba zinazouzwa madukani kwa ajili ya watoto wachanga husahauliwa bila sababu. Zilifumwa kwa kazi ya kunyonya, zinastahimili kufuliwa kila siku, na nepi moja kubwa hutoa vipande kadhaa. Taulo nalo ni zuri, ila litumike tabaka moja au mawili tu, na lisiwe lile taulo jipya laini la poliesta linalouzwa barabarani, ambalo husukuma maji badala ya kuyafuta.

Vitambaa vya mikrofaiba vya kupangusia magari huwadanganya watu. Vikitiwa kwenye maji hunyonya papo hapo, na mnunuzi huridhika. Vikikaliwa, huachia kile kilichonyonywa. Mwenye kutaka kuvitumia avifunike juu na chini kwa pamba, na visiguse ngozi kwani huikausha. Jinzi ziachwe kabisa: mshono wake unakwaruza, na kukauka kwake ni safari. Vipande vya sare vinavyobaki chini ya cherehani za mafundi huwa ni vya bure na ndiyo maana vinavutia, lakini kitambaa cha sare za shule mara nyingi ni mchanganyiko wenye poliesta nyingi, kilichotengenezwa kisinywe maji wala kisikunjamane. Hicho kinafaa kwa kifuko cha kubebea pedi, si kwa pedi.

Kitenge kinahitaji tahadhari ya pekee, maana maandishi ya pembeni mwa kitambaa si ushahidi. Kuna vitenge vinavyojitangaza kuwa vya pamba huku nyuzi zake ni za plastiki. Ushahidi ni moto. Chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa kibanio, uuwashe kwa kiberiti mahali pa wazi. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu jepesi la kijivu linalopukutika. Uzi wa poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na ukipoa huacha kidonge cheusi kigumu. Ukiona vyote viwili, jivu na kidonge, umeshika mchanganyiko. Wauzaji wengi hawakatai uzi mmoja kuchomwa ikiwa mteja ameomba kwa adabu.

Jaribio la pili ni tone la maji. Kwenye pamba iliyofuliwa vizuri hutoweka mara moja. Kwenye poliesta hukaa juu likimeremeta. La tatu hufanyiwa nyumbani: vitambaa vilivyonunuliwa vilowekwe pamoja, vikamuliwe, vitundikwe kivulini asubuhi. Kilicho kikavu jioni ndicho kitakachomfaa msichana wa bweni wakati wa mvua. Hili la tatu halitajwi sana katika mafunzo ya kushona pedi, nalo ndilo lenye uzito kuliko mengine.

Ni hapa ambapo umbo la pedi linaingia katika habari ya kitambaa. Shirika la Days for Girls, lililoanzishwa na Mmarekani Celeste Mergens mwaka 2008 baada ya kukutana na wasichana wa kituo cha yatima Nairobi, lilianza kwa kuwapelekea pedi za kutupa. Wasichana hawakuwa na pa kuzitupa. Shirika likageukia za kufua, na mtindo wake ukabadilishwa mara nyingi kwa maoni ya watumiaji. Kilichopatikana ni vipande viwili tofauti: ala yenye mabawa inayofungwa kwenye chupi, na kitambaa cha flaneli kinachokunjwa na kupachikwa juu yake. Kitambaa hicho kikikunjuliwa ni mraba wa kawaida, wenye rangi na maua, na kikiwa kwenye kamba mbele ya wageni hakuna anayekijua. Kinakauka upesi kwa sababu jua linakipata chote. Ukilinganisha na pedi nene iliyoshonwa kwa pamoja, tofauti si ndogo.

Mtindo wa vipande viwili una faida nyingine inayoeleweka zaidi Uganda kuliko mahali pengine: inzi wa maembe. Inzi huyu hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na mabuu yake huingia ngozini yakasababisha majipu. Dawa yake inajulikana na kila mama, ni pasi ya moto. Pamba huvumilia pasi. Kitambaa cha kuzuia maji hakivumilii. Vikiwa vimeshonwa pamoja, mtu atachagua kuunguza kimoja au kukiacha kingine na mayai yake. Vikitenganishwa, flaneli hupigwa pasi na ala huanikwa ndani.

Basi kizuizi chenyewe kiwe nini? Kinachosifiwa ni kile kinachoitwa PUL, poliesta iliyogandishwa utando mwembamba wa poliyurethani. Ndicho kilicho kwenye vifuniko vya kisasa vya nepi. Hakipatikani kwa urahisi madukani mpakani, lakini vifuniko hivyo hujitokeza mara moja moja kwenye belo za nguo za watoto, na anayevitambua huvikata bila kusita. Mbadala wa kweli ni flisi, kile kitambaa chenye manyoya cha majaketi ya baridi na blanketi za watoto. Flisi ni poliesta, hainyonyi, na ikiwa nzito huchelewesha maji kupita huku ikiruhusu hewa. Kwa saa chache inatosha. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika nacho hutumika. Kinazuia vizuri, ila kina joto.

Mfuko wa plastiki usitiwe humo. Upande wa Kenya mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini hata kule ng'ambo kaveera, kama mifuko hiyo inavyoitwa huko, ikiwa tele, hatari ni ileile: hutoa sauti kila hatua, humtokesha mtu jasho na vipele, na baada ya kufuliwa mara chache huchanika vipande vipande ndani ya mshono pasipo mwenye pedi kujua.

Rangi huzua ubishi usiokwisha. Wahudumu wa afya hupenda nyeupe, kwa sababu uchafu unaonekana. Wasichana hupenda nyeusi, kwa sababu doa halionekani. Wasichana wana haki zaidi, maana pedi wanayoionea haya haitatoka nje kuanikwa. Kitambaa chenye maua ya rangi nzito kinawaridhisha wengi, mradi kimefuliwa mpaka maji yake yatoke meupe.

Kwenye cherehani hakuna siri kubwa. Vitambaa vyote vya pamba vifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa, la sivyo pamba itanywea baadaye na flisi haitanywea, na pedi itajikunja kama jani la mgomba lililokaushwa. Urefu wa sentimita 22 hadi 28 unawatosha wengi, wa usiku ukiwa mrefu zaidi. Tabaka tatu au nne za flaneli ni kadiri nzuri. Uzi uwe wa poliesta, na hapa poliesta inasifiwa: uzi wa pamba hufyonza na kupitisha unyevu hadi upande wa pili, na huoza mapema. Kizuizi kishonwe pembeni tu, kwani kila tundu la sindano katikati yake ni mlango. Vifungo vya chuma vya kubonyeza ni bora kuliko vile vya kunata, ambavyo hukwaruza mapaja na kukusanya nywele.

Kwenye beseni, maji ya baridi kwanza. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Sabuni ya mche inatosha. Jiki hula pamba na kubomoa utando wa PUL, na dawa za kulainisha nguo zenye manukato hupaka nyuzi mafuta mpaka kitambaa bora kikawa kama mwavuli.

Linabaki suala la mitumba yenyewe, ambalo halimo mikononi mwa mshonaji. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019. Marekani ikatishia kugusa manufaa ya AGOA, sheria yake iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru; Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa manufaa hayo. Kisha Agosti 2023, akizindua viwanda Mbale, umbali mfupi tu kutoka Tororo, Rais Museveni akatangaza tena kwamba mitumba haitakiwi, akisema ni nguo za wazungu waliokufa. Hoja ya kulinda viwanda ina nguvu katika nchi inayolima pamba tangu 1903 na kuiuza nje ikiwa bado haijasokotwa. Hata hivyo, anayetaka kufunga mlango wa mitumba angepaswa kwanza kuonyesha duka la Tororo linalouza flaneli ya pamba iliyofumwa Uganda kwa bei ambayo mama wa watoto wanne anaimudu. Viwanda vya Jinja na Eldoret vinafuma. Flaneli na nepi za bei nafuu zikitoka huko, rundo la fagia litakosa wateja bila amri ya mtu.

Wakati huo huo mama mwenye kibanda anaweza kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 kwa utaratibu rahisi wa forodha ulio na cheti chepesi cha asili. Mitumba, kwa kuwa asili yake si hapa, haina nafasi katika utaratibu huo. Vitambaa vya pamba na pedi zilizoshonwa hapa hapa zinayo nafasi, na Uganda tayari ina kiwango rasmi cha pedi za kufuliwa, US 1782, ambacho fundi anayetaka kuuza nje ya kijiji chake anapaswa kukifuata.

Kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, shule za pande zote mbili hupokea wageni wenye makasha ya pedi na fulana zilizochapwa nembo. Wageni wa mwaka ujao waombwe waache fulana nyumbani. Walete mita kadhaa za flaneli, mche wa sabuni kwa kila msichana na pasi moja ya mkaa kwa kila bweni, na kabla ya hotuba wamwulize mwalimu mkuu ni wapi shuleni pake msichana anaweza kuanika kitambaa juani bila kuchekwa.